Tusitupe Tableti kwa Kosa la Chaja



Siku hizi katika matawi ya chama chetu yamekuwapo maneno mengi juu ya tableti, au vishikwambi kama vinavyoitwa sasa, ambazo tulizinunua kwa fedha zetu wenyewe ili ziandike hesabu za msimu. Wengi wanalalamika kwamba zimezeeka, hazishiki moto, zinazima katikati ya kazi. Na wapo wanaotaka chama kitoe fedha zinunuliwe mpya matawi yote kwa mara moja. Shauri hili ni la kuangaliwa vizuri kabla ya kukubaliwa, kwani fedha ya chama ni jasho la mkulima, na jasho halitolewi kabla haijajulikana ugonjwa ni upi.

Kwanza tujue kilichomo ndani ya tableti hizo. Humo mna majina ya wachumaji, pishi walizochuma kila siku, fedha walizokwisha kupewa na wanazodai, na uzito wa magunia kabla hayajapelekwa kituo cha ununuzi. Kila mmoja wetu anajua kwamba karafuu mbichi ikikauka hupoteza karibu thuluthi mbili za uzito wake. Basi asiye na hesabu sahihi ya mbichi hawezi kujua kama kavu yake ni kamili au imepungua njiani. Tableti ikizima saa sita mchana wakati vibarua wamejipanga kungoja haki yao, ugomvi unaozuka si wa mashine, ni wa watu. Huyu husema nimechuma pishi kumi, yule husema nane, na urafiki wa miaka mingi huvunjika kwa pishi mbili. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

Lakini maneno "haichaji" yana maana nyingi, kama vile maneno "mkarafuu unakauka." Mkarafuu huweza kukauka kwa mchwa, kwa ugonjwa wa mizizi au kwa ukame, na mkulima mwenye akili hashiki shoka kabla hajatazama. Na tableti vivyo hivyo. Ipo njia nyepesi ya kupambanua, nayo ni hii: tazama inajaa vipi na inakwisha vipi.

Ikiwa tableti inajaa upesi na kukwisha upesi, au inaonyesha imebakia 30 kwa mia na mara ikazima ghafula, basi ugonjwa uko katika betri yenyewe. Betri iliyozeeka ni kama mtungi uliojaa mawe chini: maji kidogo tu huufikisha ukingoni, na kata mbili tatu huumaliza. Haya ni maumbile ya betri hizi za lithiamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991. Kwa kawaida, baada ya kujazwa na kumalizwa kikamilifu mara 300 hadi 500, betri nyingi za namna hii hubaki na nguvu kama 80 kwa mia ya zile za mwanzo. Nyingine zilizotengenezwa vizuri zaidi hufika mara 1,000. Betri ya namna hii haina dawa ila kubadilishwa.

Ama ikiwa tableti inajaa polepole mno, au haijai kabisa, lakini ikishajaa hukaa vizuri, basi usiilaumu betri. Ugonjwa uko njiani, na njia ya moto ina vituo vitatu: kichwa cha chaja, waya, na tundu la kuchajia. Yafaa vipimwe kimoja kimoja, kwa kuanza na kile cha bei ndogo.

Waya ndio huanza kufa, kwa kuwa hukunjwa na kuvutwa kila siku. Azimeni waya mwingine ulio mzima mjaribu. Kama tableti inapokea moto, maradhi yamekwisha kwa bei ya waya.

Kisha soma maandishi madogo yaliyo juu ya kichwa cha chaja. Mtakuta volti na ampea; zidisheni moja kwa nyingine mpate wati. Kichwa cha simu ndogo ya zamani huandikwa volti 5 na ampea 1, yaani wati 5. Tableti nyingi zinahitaji wati 10 au zaidi. Tuchukulie betri ya tableti ya kawaida, ya milliampea-saa 7,000. Hiyo hubeba kama wati-saa 26. Kwa kichwa cha wati 5 itachukua zaidi ya saa tano hata kama imezimwa. Kwa kichwa cha wati 10 itachukua kama saa tatu. Na kama karani anaendelea kuandika huku kioo kinawaka mwanga wote, kioo huweza kula karibu yote yanayoingia, naye ataapa kwamba tableti imeharibika, kumbe analisha punda kwa kijiko. Kadhalika wale wanaochajia kwenye kompyuta wajue kwamba tundu la kawaida la kompyuta ya zamani hutoa nusu ya ampea tu, yaani wati 2 na nusu.

Kituo cha tatu ni tundu lenyewe. Tableti zetu zinakaa ghalani, kwenye mifuko ya kanzu na ndani ya vikapu, mahali penye vumbi la makonyo na nyuzi za magunia. Vumbi hili hushindiliwa ndani ya tundu kila waya unapotiwa, mpaka waya haufiki mwisho. Dawa yake ni kuizima tableti, kwenda penye mwanga, na kutoa uchafu taratibu kwa kijiti cha meno kilicho kikavu. Msitumie sindano wala pini, kwani chuma huvunja vidole vidogo vilivyomo ndani. Wala msipulize kwa mdomo, kwani mate ni maji, na sisi watu wa pwani tunajua upepo wa chumvi unavyokula chuma bila ya kuongezewa mate. Ikiwa waya unachezacheza hata baada ya kusafishwa, tundu limelegea. Fundi wa simu anaweza kulibadilisha, na tundu si tableti nzima.

Na jambo jingine: tableti iliyokwisha moto kabisa huweza kukaa kimya kwa nusu saa au zaidi ikiwa kwenye chaja kabla ya kuonyesha dalili yo yote. Iacheni, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa muda kama wa sekunde 20. Msiitangazie matanga kabla ya hapo.

Sasa nitasema lile ambalo pengine halitawapendeza baadhi ya ndugu. Sehemu ya maradhi haya tunayaleta wenyewe kwa namna tunavyoziweka tableti hizi. Karafuu ina msimu, na msimu ukipita, tableti hutiwa kabatini na kusahauliwa. Huwekwa ikiwa imekwisha moto, ikakaa miezi mitano, sita, hata mwaka. Betri ya lithiamu hujipunguza yenyewe polepole hata ikiwa imezimwa. Ikishuka chini mno, kifaa cha ulinzi kilichomo ndani huifunga, na siku ya kuitoa haipokei moto kabisa. Kisha tunasema, "tableti imezeeka." Haikuzeeka, imekufa njaa kabatini. Betri ya kuwekwa yapasa iachwe ikiwa nusu, zaidi au pungufu kidogo, itazamwe kila baada ya miezi miwili au mitatu, na kurudishwa kwenye nusu kama imeshuka.

Hali kadhalika jua. Jua ni rafiki wa karafuu, na siku nne au tano za jua zuri juu ya jamvi ndizo zinazotupa karafuu yenye rangi na harufu njema. Lakini jua hilo hilo ni adui wa betri. Tableti ikiachwa juu ya jamvi, au juu ya bati, au kwenye dirisha la gari, joto huizeesha upesi kuliko kazi yenyewe. Tableti nyingi hukataa kuchaji zikiwa za moto sana, ili zijilinde. Mtu akaona "haichaji," kumbe inataka kivuli tu. Iwekeni kivulini, ipoe, kisha mjaribu tena. Na kila inapowezekana msiiache ishuke chini ya 20 kwa mia, wala msiilaze kwenye chaja usiku kucha kila siku.

Wapo watakaojibu kwamba kutengeneza kitu kikuukuu ni kupoteza fedha mara mbili. Neno hili lina ukweli wake, na sitaki kulifunika. Tableti ya zamani mno haipati tena marekebisho ya usalama kutoka kwa waliyoitengeneza, na haifai kutumiwa kwa mambo ya benki au kutuma fedha. Lakini tableti inayoandika pishi na majina tu inaweza kutumika miaka mingi, alimradi betri yake ni nzima. Basi kipimo kiwe hiki: kama tatizo ni waya, kichwa, tundu au betri, itengenezwe, kama kioo kimepasuka, na tundu limekufa, na betri pia, hapo ndipo inunuliwe mpya.

Jambo moja tu halina subira wala huruma, nalo ni betri iliyovimba. Mkiona kioo kimeinuka, au mgongo wa tableti umetuna, au ina joto kali bila ya sababu, au inatoa harufu tamu ya ajabu, iondoeni kwenye chaja pale pale na msiichaji tena. Msiibonyeze, msiitoboe, wala msiitupe motoni au jaani. Iwekeni juu ya sakafu ya saruji, mbali na kila kinachoshika moto, mpaka ifike kwa fundi anayejua. Ghala zetu zimejaa magunia na majamvi, na baadhi yake zimeezekwa makuti. Betri moja inaweza kuteketeza mavuno ya tawi zima, na mavuno yaliyoungua hayana fundi. Kwa sababu hiyo tableti isichajiwe ndani ya ghala usiku, pasipo mtu.

Na mnapobadilisha betri, msikubali ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka. Betri huzeeka hata ikiwa dukani haijatumika. Mwambieni fundi aijaze mbele yenu, nanyi mwangalie inakaa kwa muda gani kabla ya kulipa. Chama kikija kununua tableti mpya, kiulize kwanza kama betri yake inabadilishika na kama vipuri vinapatikana. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wameligeuza swali hili kuwa sheria: tangu tarehe 20 Juni 2025 tableti mpya zinazoingizwa katika soko lao zapasa ziwe na betri inayobaki na 80 kwa mia baada ya kujazwa mara 800; na sheria nyingine waliyoipitisha mwaka 2023 inaagiza kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vyombo vidogo ziwe za kuweza kutolewa na mwenye chombo mwenyewe. Ikiwa matajiri wanauliza, sisi wenye kipato cha msimu tusione haya kuuliza.

Kwa hiyo shauri langu kwa mkutano ni mambo matatu. La kwanza, kila tawi limteue mtu mmoja awe mlinzi wa tableti, mwenye kuijua chaja yake, kuiweka kivulini, na kuitazama baada ya msimu. Kitu cha wote kisicho na mwenyewe hufa mikononi mwa wote. La pili, kabla ya tawi lo lote kuomba tableti mpya, lionyeshe kwamba waya, kichwa, tundu na betri vimepimwa, na fundi amesema nini. La tatu, daftari la karatasi lisiachwe. Kila jioni hesabu ya siku inakiliwe kwa wino na kutiwa sahihi na watu wawili. Wazee wa Unguja hawajasahau mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, waya wa chini ya bahari ulioleta umeme kutoka bara ulipoharibika na kisiwa kikakaa miezi kama mitatu bila ya umeme huo. Wakati kama huo tableti mpya na tableti kuukuu ni sawasawa. Lenye kusema ni daftari.

Tukiyafanya haya, huenda tukaona kwamba tableti tunazohitaji kununua ni chache kuliko tulivyodhani, na fedha itakayobaki ikanunua miche ya mikarafuu, ambayo nayo inangoja. Tusipoyafanya, tableti mpya ikiwekwa kama ya kwanza itakufa kama ya kwanza, nasi tutarudi mkutanoni kwa maneno haya haya. Kitunze kidumu, walisema wazee. Na hawakusema kitu gani.

Mkulima Mwenzenu