Ziwa Hurudi Kwake



Wewe unayesoma hapa Tabora unazijua habari za njia ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kutoka Bagamoyo, wakapita Tabora, wakafika Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Huko walioga, wakaondoa vumbi la safari. Lakini ukienda Ujiji leo, hutaoga pale walipooga wao. Ufuko umehama.

Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji. Wakati huo maji yalikuwa karibu. Leo mahali hapo pana mnara wa kumbukumbu, na kutoka mnarani hadi majini ni mita mia kadhaa. Je, maji yalikwenda wapi?

Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoa maji yake. Mto huo ni Lukuga, upande wa Kongo. Zamani mto huo uliziba kwa matope na majani, na ziwa likajaa. Mwaka 1878 hivi kizibo kilivunjika. Ziwa likashuka kama mita 10 kabla ya karne kwisha. Ardhi kavu ikatokea, watu wakalima na kujenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zilinyesha, maji yakapanda, kisha yakashuka tena. Mwaka 2020 na 2021 yalipanda tena, yakaingia katika nyumba za watu Kigoma na Bujumbura.

Wengine husema ziwa limewaibia viwanja. Mimi sikubali. Ziwa haliibi. Ziwa hurudi kwake.

Simlaumu mtu anayelima mchicha ufukoni. Udongo wa pale una rutuba, na mazao ya muda mfupi huvunwa mapema. Lakini nyumba ni jambo jingine, na choo ni jambo jingine kabisa. Maji yakikifikia choo, uchafu huingia pale watoto wanapoogelea. Kipindupindu na kichocho hupata njia. Ukuta ulioanguka hukaa chini ya maji, hauonekani. Mtoto anayeruka majini kwa furaha huweza kupasuka kichwa.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi huiona sheria hii kuwa adui wa maskini. Maoni yangu ni kwamba inamlinda maskini, kwa maana tajiri nyumba yake ikifurika hujenga nyingine. Maskini atajenga kwa nini?

Ndugu, hata kijiji chako kina mto au bwawa. Kabla hujachimba msingi, waulize wazee: maji yaliwahi kufika wapi? Jenga juu ya hapo. Ufuko uwaachie watoto.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Kwa nini ufuko wa Ujiji ulihama?
2. Watoto wa kijiji chenu huogelea wapi? Je, vyoo viko umbali gani kutoka hapo?