Magombera Si Msitu wa Wageni

Parokia ikipanga safari ya vijana, sisi wa Ruhembe hufikiria kwanza hija, halafu Mikumi kuona tembo. Hatupingi. Ila ukivuka Ruaha Mkuu pale Kidatu na kuifuata njia ya Ifakara, kuna msitu wa Magombera, na waamini wetu waliowahi kuukanyaga ni wachache mno.

Tulikwenda kundi dogo, waseminari na wazee wa jumuiya. Mtu aliyezoea miwa kila upande, shamba kwa shamba mpaka kiwandani, akiingia humo hushangaa kwanza ubaridi. Wala si mlimani. Magombera ni msitu wa bondeni, kwenye tambarare, na hapo ndipo hatari yake ilipo: ardhi ya namna hiyo ndiyo inayotakiwa kwa miwa na mpunga. Uliobaki ni kama kilometa za mraba 26. Mwaka 2019 Serikali iliufanya hifadhi ya mazingira asilia, chini ya TFS.

Humo wamo mbega wekundu ambao duniani kote hawapatikani ila Udzungwa na bonde la Kilombero. Yumo pia kinyonga aliyepewa jina la msitu wenyewe. Wanasayansi walimtambulisha rasmi mwaka 2009, baada ya nyoka kushtuka na kumtema mbele ya mtafiti. Wazee walicheka sana hapo. Mmoja alimkumbuka Yona.

Laudato Si' ya Papa Fransisko, ya mwaka 2015, tumeihubiri vya kutosha. Tuzungumzie kuni sasa. Sherehe ya upadrisho au jubilei huteketeza magogo mengi, na kamati inayojadili bei ya ng'ombe kwa saa nzima haiulizi magogo yametoka wapi. Iulize, na kibali kionekane kabla lori halijashusha. Mama aliyezuiwa kubeba mzigo mmoja wa kuni kutoka msituni atatusikilizaje mimbarini, naye ameona shehena nzima nyuma ya jiko la parokia?

Safari ijayo ya vijana iende Magombera. Spika zibaki nyumbani, maana mbega hawasogei penye muziki. Kiingilio na nauli tuanze kuchanga mapema kwenye jumuiya, na mzazi aliyekwama amwone mwenyekiti wake bila haya.