Seva ya Bure, Je, Yafaa?

Wengi hudhani kwamba ofisi kubwa ikichagua programu huria, sababu ni uhaba wa fedha. Kwa maoni yangu, hiyo si sababu kuu.

Tazameni habari za GlassFish. Hiyo ni seva ya programu: hubeba programu za ofisi na kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Kampuni ya Sun iliianza mwaka 2005, nayo Sun ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010. Mwaka 2013 Oracle ilitangaza kwamba haitauza tena msaada kwa matoleo yake mapya. Kama maandishi ya programu hiyo yangalikuwa siri, walioitegemea wangaliachwa njiani. Lakini yalikuwa wazi. Wengine, kama vile Payara, wakayachukua na kuiendeleza kazi.

Basi mwenye kuchagua asiulize bei tu. Aulize: Ni nani wanaoitunza? Mwenyewe akiiacha, nani ataishika? Je, tunaye fundi awezaye kuyasoma maandishi yake? Pasipo fundi, hata cha bure ni mzigo, maana rahisi huvunja upishi. Ndiyo sababu nasema, wanafunzi wenzangu, tujifunze ufundi huo tungali shuleni.