Kinga ndiyo lori letu, njia yake nayo itengenezwe

Kila mwaka mvua ikirudi, mwezi wa tisa, habari kutoka Kasongo na Kabambare ni ile ile: lori zimekwama. Viongozi wanazungumza juu ya lori, na maombi yanayopelekwa Kindu na Kinshasa yanahesabu lori. Lakini chumvi, sabuni na dawa zinaendelea kufika sokoni, na mchele na mafuta ya mawese vinaendelea kutoka vijijini. Nani anayevileta? Ni kijana anayesukuma kinga, fimbo moja imefungwa kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, na mzigo wa kilo mia moja au zaidi katikati. Huyo hakuna anayemhesabu.

Maoni yetu ni haya: katika Maniema ya kusini kinga ni chombo cha usafiri cha kwanza, na njia yake inastahili kutengenezwa kama njia, si kuachwa kama mabaki ya pembeni ya barabara.

Tazama barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kindu, karibu kilomita 240. Katikati ni mashimo marefu yaliyochimbwa na magurudumu ya lori. Pembeni kuna kanjia kembamba, upana wa hatua moja, ambako watu na kinga wanapita. Lori ikikwama, inajitafutia njia mpya juu ya kanjia hako, na wenye kinga wanakata kengine porini. Maji ya mvua yanafuata kila kanjia kapya. Baada ya misimu miwili, kanjia nako ni mfereji.

Na ardhi yenyewe ni ya aina nyingi. Wakati wa kiangazi udongo mwekundu wa vilima unakuwa mgumu kama tofali, na changarawe yake inakata mpira. Ukishuka mabondeni, kuelekea Luama au Lualaba, unakuta mchanga unaomeza gurudumu. Mvua ikinyesha, udongo ule ule mwekundu unateleza kama sabuni, na ule wa mfinyanzi unashikamana na gurudumu hadi linakataa kuzunguka.

Hapo ndipo mpira unapoamua nani atafika. Mpira mpana hauzami sana mchangani, lakini tope la kunata linajaa haraka kati yake na chuma cha kinga. Mpira mwembamba unakata tope jepesi na kufikia udongo mgumu ulio chini, ila mchangani ni mateso. Mpira wenye meno yaliyoachana unatema tope. Wenye meno yaliyobanana unalibeba. Kwa mtu wa mzigo, tunashauri meno yawe mbele, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza kila kitu kinaanguka, na nyuma uwekwe mpira mnene, wenye kuta ngumu, maana uzito uko huko. Kupunguza upepo mchangani kunamsaidia anayepanda kinga bila mzigo. Ukiwa na magunia, chuma cha gurudumu kitaubana mpira wa ndani kwenye jiwe la kwanza na kuutoboa matundu mawili yaliyo karibu karibu. Mafundi wetu wanayajua sana matundu hayo.

Kabla ya kulipa, soma namba zilizoandikwa ubavuni. Kwenye mpira wa kinga nyeusi ya kawaida utakuta 40-635: upana ni milimita 40, na kipimo cha chuma kinachouvaa ni milimita 635. Kinga nyingi za milimani, zile za inchi 26, zina 559. Mipira hiyo miwili haibadilishani hata muuzaji aape. Kisha kunja ubavu kwa vidole. Mpira ulioning'inizwa juani miezi mingi unaonyesha nyufa ndogo, na hautamaliza safari. Mashirika yanayogawa kinga kwa wahudumu wa afya wa vijiji nayo yasome namba hizo: kinga ambayo mpira wake haupatikani katika soko la Kasongo ni zawadi ya miezi michache.

(Neno lenyewe, mpira, lina historia hapa kwetu. Dunlop alipotengeneza mpira wa upepo wa baiskeli, mwaka 1888, Ulaya ilianza kutafuta utomvu kila mahali, na chini ya Leopold wa Pili babu zetu waliulipia kwa mijeledi na maisha yao. Leo wajukuu wao wananunua mpira kwa bei ya juu.)

Lakini mpira mzuri hauponyi njia mbaya. Wapanda baiskeli za milimani, mchezo uliokua California katika miaka ya 1970, wana kanuni ambazo kijiji chochote kinaweza kufuata kwa jembe. Njia isishuke kilima moja kwa moja. Ikate ubavu wa kilima, na mteremko wake usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe. Uso wake uinamie kidogo upande wa bondeni ili maji yatoke. Kila baada ya hatua kadhaa iinuke kidogo, maji yasipate mbio.

Congo ina mfuko wa matunzo ya barabara, FONER, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008, na sehemu kubwa ya fedha zake inatoka kwenye mafuta ya magari. Kinga hainywi mafuta, labda ndiyo sababu haionekani. Lakini bidhaa inazobeba zinalipa sokoni na kwenye bariere. Office des Routes, na ofisi inayosimamia barabara za mashamba, wanapowapa wanavijiji kazi ya kufyeka na kuzibua mifereji, mkataba utaje pia njia ya kinga: upana wa mita moja upande mmoja wa barabara, iliyoinuliwa juu ya maji. Na kwenye madaraja ya miti, ambako magogo yamepangwa kwa ajili ya magurudumu ya lori tu, upigiliwe ubao mmoja mpana kutoka mwanzo hadi mwisho. Mvua ikikatika, mwezi wa sita, kazi inaweza kuanza, na haihitaji kungoja mashine kutoka Kindu.