Kapu la chai dhidi ya NSE 20

Kila KTDA inapolipa bonasi huku Kericho na Bomet, swali hurudi: ningeziweka pesa hizi kwenye hisa za kampuni za chai, ningekuwa wapi leo? Kwa anayejua programu kidogo, jibu linaonekana jepesi. Unachukua bei za zamani za Williamson Tea na Kapchorua Tea, unaiambia kompyuta ijifanye ilizinunua mwaka 2005, kisha unalinganisha na NSE 20, fahirisi inayofuata kampuni 20 za soko la hisa la Nairobi. Mimi nasema mashindano hayo yana upendeleo.

Kwanza, gawio. NSE 20 hupima bei tu. Ukihesabu gawio la kapu lako na kulisahau la kampuni za fahirisi, umempa mkimbiaji mmoja baiskeli.

Pili, nani alichagua kampuni hizo? Wewe wa leo, unayejua zipi zilibaki. Mwaka 2005 Unilever Tea Kenya, ile Brooke Bond ya zamani, nayo ilikuwa sokoni. Iliondolewa kabla ya muongo ule kwisha. Ukipakua orodha ya leo, huioni. Programu ya haki huanza na orodha ya mwaka ule, pamoja na Mumias Sugar, ambayo hisa zake zilisimamishwa 2019.

Tatu, kompyuta hununua papo hapo. Lakini hisa za Kapchorua haziuzwi kwa wingi. Unaweza kungoja muuzaji kwa siku kadhaa, na wakala anataka ada yake.

Haya, tuseme umerekebisha yote na kapu la chai bado limeshinda. Je, mkulima wa Litein alinunue? Kwa maoni yangu, hapana. Shamba lake ni chai, hisa zake za kiwanda ni chai, karo ya watoto ni chai. Bei zikianguka kwenye mnada wa Mombasa, vyote huanguka pamoja. Bonasi ya upande wetu iliposhuka mwaka 2025, tuliona uchungu wake. Fahirisi ina benki, ina Safaricom, ina vitu visivyotegemea mvua ya Kericho.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza programu kapu gani lilishinda, iulize swali moja zaidi: miaka ambayo bonasi ilikuwa mbaya, kapu hili lilifanya nini? Jibu hilo ndilo litakalokulipia karo.