Watu Sitini wa Kilifi

Haya jamani, nimerudi. Kazi za watu zilinibana na ukurasa huu ukabaki mkavu. Leo sitaandika kuhusu programu wala simu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu asilimia.

Mjomba wangu wa Gongoni hunipigia kwa mambo mawili tu: simu yake ikikwama, na siasa ikichemka. Novemba 2025, siku chache kabla ya uchaguzi mdogo wa Magarini, alinipigia kwa yote mawili. Kuna mtu alikuwa amemtumia picha kwa WhatsApp ikakataa kufunguka, na ilipofunguka ikamchanganya akili. Ilikuwa na nyuso mbili za wagombea, rangi za vyama vyao, na tarakimu kubwa: 49 kwa 46. Chini kabisa pameandikwa "utafiti wa kisayansi". Jina la aliyeufanya halikuwepo. Tarehe hakuna, wala idadi ya watu walioulizwa.

"Mpwa wangu," akaniambia, "wewe si ndiye msomi wa tarakilishi? Hebu niambie, hii ni kweli ama wanatuchezea?"

Nikamjibu kwamba wanatuchezea. Akauliza nimejuaje. Hapo nikaanza kubabaika, nikamwambia mambo ya sampuli na kiwango cha makosa, naye akaitikia "aaa, sawa" kwa ile sauti ya mtu ambaye hajaelewa na hataki kukuaibisha. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Kwanza matokeo. Tarehe 27 Novemba 2025 Harrison Kombe wa ODM alipata kura 17,909, naye Stanley Kenga wa DCP akapata 8,907. Mmoja karibu mara mbili ya mwingine. Ile 49 kwa 46 haikuonekana tena kwenye kundi lolote, wala aliyeitengeneza hakujitokeza kutueleza alikosea wapi.

Lakini nisiwadanganye kwamba makosa ni ya matapeli peke yao. Kabla ya Agosti 2022 kampuni kubwa za utafiti, zenye majina na ofisi, zilimweka Raila Odinga mbele. Ipsos kwa mfano, wiki ya mwisho kabla ya kura, ilimpa 47 naye William Ruto 41. Tume ikamtangaza Ruto kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Kwa hivyo hata utafiti halali unahitaji kusomwa kwa makini, na kuusoma si kazi ngumu. Kalamu na karatasi zatosha.

Chukua idadi ya watu walioulizwa. Tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, halafu gawanya moja kwa jibu lake. Hicho ndicho kiwango cha makosa kwa makadirio ya haraka. Wakiulizwa watu 2,000 nchi nzima utapata kama asilimia 2.2, kwenda juu au kushuka chini. Si mbaya hata kidogo. Watu 2,000 waliochaguliwa kwa haki wanaweza kuisemea nchi ya mamilioni, kama kijiko kimoja kinavyokupa ladha ya sufuria nzima ya mchuzi, mradi umeukoroga.

Sasa njoo Kilifi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, na kaunti yetu ikawa na watu 1,453,787. Hiyo ni kama asilimia 3. Kwa hivyo katika wale 2,000, walioulizwa Kilifi ni kama watu 60. Piga hesabu ile ile: kiwango cha makosa ni karibu asilimia 13. Ukiambiwa chama fulani kina asilimia 45 Kilifi, maana yake kinaweza kuwa na 32 au 58. Yaani tumeambiwa kwamba chama kipo.

Tuteremke tena. Kilifi ina maeneo bunge saba: Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Watu 60 ukiwagawa mara saba unapata wanane au tisa kwa kila eneo. Watu tisa! Hao wanaenea kwenye benchi moja la mkahawa wa chai. Kiwango cha makosa kinakuwa asilimia 33. Hata hivyo kila msimu utamsikia mtu redioni akisema "utafiti unaonyesha" chama chake kinaongoza Ganze.

Ukitaka makosa yasizidi asilimia 3 katika eneo bunge moja, lazima uwaulize watu kama 1,070 katika eneo hilo. Kwa Kilifi nzima ni karibu 7,500. Kwa maeneo bunge yote 290 ya Kenya ni zaidi ya 300,000. Sijawahi kuona anayelipia kazi kama hiyo. Basi ukiona kura ya maoni ya ubunge, swali la kwanza ni hili: waliulizwa wangapi hapa hapa kwetu?

Na kuna mahali ambapo hata 1,070 hawatoshi. Agosti 2022 katika Magarini hiyo hiyo, Kombe alitangazwa mshindi kwa kura 11,946 dhidi ya 11,925 za Kenga. Tofauti ya kura 21. Kesi ilipanda ngazi za mahakama hadi Mahakama ya Juu, na ndiyo maana tukarudi debeni 2025. Hakuna utafiti duniani unaoweza kuiona tofauti ya kura 21. Ingekubidi umuulize karibu kila mpiga kura, na huo sasa ni uchaguzi wenyewe.

Kipo kingine ambacho hesabu hii haikioni kabisa. Kiwango cha makosa hupima bahati ya kuchagua watu. Hakipimi umechagua watu gani. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 na kutabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo yote isipokuwa mawili. Jarida lilikuwa limetumia orodha za wenye simu na wenye magari, enzi ambazo maskini hakuwa na hivyo. George Gallup, aliyeuliza watu wachache zaidi kwa mbali, alimtaja mshindi sawasawa. Ule ulikuwa mchuzi usiokorogwa.

Siku hizi tafiti nyingi za kwetu hufanywa kwa simu. Basi tujiulize wenyewe: nani anapatikana kwa simu saa nne asubuhi? Kijana wa mjini Malindi, ndiyo. Mama aliye shambani Vitengeni, ambaye simu ya nyumbani ni moja na anayo mumewe? Mvuvi aliye baharini? Bibi anayeongea Kigiriama na muulizaji ana Kiswahili cha vitabuni? Shangazi yangu aliwahi kupigiwa. Nilimuuliza alijibu nini. Akasema, "Mtu ana nambari yangu, jina langu analijua, nami yeye simjui. Nilimtajia kile chama ambacho hakitaniletea shida." Jibu lake limo kwenye asilimia fulani mahali fulani. Na msimwone mwoga. Juni 2021 Wakenya wengi walifungua mfumo wa serikali mtandaoni wakajikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mtu aliyeona hilo ana haki ya kuuogopa mkono unaoandika jina lake karibu na jina la chama.

Halafu kuna swali lenyewe. Kuulizwa "unapenda chama gani" si sawa na kuulizwa "utampigia nani kura ya ubunge", wala si sawa na "utakwenda kupiga kura?" Mwaka 2022 Raila alishinda Kilifi kwa mbali sana. Ungechukua hilo peke yake ungesema ODM imezoa viti vyote. Haikuzoa. ODM ilipata vinne: Malindi, Magarini, Kaloleni na Kilifi Kusini. PAA, chama kichanga kilichoongozwa na Amason Kingi, kilichukua Ganze na Rabai. UDA ikachukua Kilifi Kaskazini. Na karibu nusu ya waliojiandikisha katika kaunti hii hawakufika kituoni kabisa. Maoni yao yalikuwepo, kura haikuwepo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Mwaka huo wa 2022 nilikuwa nimemaliza digrii, sina kazi, natengeneza tovuti za nyumba za wageni. Mtu wa karibu wa mwaniaji mmoja, sitamtaja, aliniomba nimtengenezee ukurasa wa kura ya maoni. Kazi ya siku mbili, malipo mazuri. Nikaitengeneza. Baada ya wiki moja ukurasa ulikuwa na kura 900 na ushei, na mwaniaji wake alikuwa anaongoza vibaya sana.

Nikafungua kumbukumbu za seva. Zaidi ya kura 600 ziliingia kati ya saa nane na saa kumi usiku, kutoka anwani moja. Hilo peke yake si ushahidi, maana kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Lakini kura hizi zilikuja kila baada ya sekunde nne, kivinjari kile kile, toleo lile lile, jibu lile lile. Binadamu hapigi kura hivyo. Ile ilikuwa programu fupi, pengine mistari kumi, iliyoandikwa na kijana kama mimi.

Nilimpigia aliyenipa kazi nikamweleza. Hakushtuka. Akaniambia, "Bwana mdogo, acha hivyo hivyo, sisi tunataka picha tu." Nikaacha hivyo hivyo. Nikalipwa. Picha ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Mtwapa hadi Mambrui, na sikusema neno.

Nimelibeba jambo hilo miaka yote hii. Mjomba alipouliza "umejuaje?", jibu la kweli lilikuwa: najua kwa sababu nimewahi kuitengeneza moja.

Mtu atasema ni picha tu, madhara yako wapi? Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka 2007. Miezi ya mwisho kabla ya kura, tafiti nyingi zilimwonyesha Raila akiongoza. Tarehe 30 Desemba akatangazwa Mwai Kibaki. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika vurugu zilizofuata. Sisemi tafiti ndizo zilizoua, sababu zilikuwa nyingi na nzito. Nasema kwamba mtu akishaaminishwa kwa wiki nyingi kuwa ameshinda, matokeo mengine yoyote atayaona kuwa wizi. Anayechapisha asilimia za uongo anaandaa hasira ambayo hataweza kuirudisha. Na kwa upande wa pili, mwaniaji mnyonge anayeonyeshwa ana asilimia 4 hukimbiwa na wafuasi kabla hata hawajamsikiliza.

Wapo wanaotaka kura za maoni zipigwe marufuku kabisa. Mimi simo. Zikiondoka tutabaki na maneno ya wanasiasa kuhusu ukubwa wa mikutano yao. Ninachotaka ni zifunguliwe tuone ndani. Tangu 2012 tuna sheria ya uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi. Inamtaka mchapishaji aseme nani alilipia, nani aliifanya, lini, wangapi waliulizwa, maswali gani na kwa njia gani. Inakataza pia kuchapisha katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Sheria ni nzuri, lakini iliandikwa ikifikiria magazeti na redio, na picha ya WhatsApp haina mhariri wa kushtakiwa.

Kumbukeni mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni fomu za vituo vya kura, na vituo vilikuwa 46,229. Mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuzipakua na kujumlisha mwenyewe, na vijana wengi walifanya hivyo usiku kucha. Ikiwa hilo liliwezekana, kampuni ya utafiti inashindwa vipi kuweka jedwali moja lenye majibu ya watu 2,000, majina na nambari za simu zikiwa zimeondolewa, likionyesha kaunti kwa kaunti waliulizwa wangapi? Ni faili dogo kuliko wimbo mmoja. Kampuni itakayofanya hivyo kabla ya tarehe 10 Agosti 2027 nitaisifu hapa hapa, hata kama itakosea.

Kwa wenzangu waandishi wa programu, hasa mnaoanza na hamna kazi: mtaombwa. Ombi litakuja na pesa, na litaitwa kazi ndogo. Mkikubali, basi wekeni chini ya ukurasa, kwa herufi zinazosomeka, kwamba hizi ni kura za waliojitokeza wenyewe na haziwakilishi wapiga kura. Mwenye kazi akikataa maneno hayo, mmeshajua alichotaka.

Na kwako mjomba, najua mtu atakusomea haya. Picha nyingine ikija, uliza mambo matatu tu: nani kalipia, wangapi waliulizwa Magarini, na waliulizwaje. Usipopata majibu, usiitume kwa mtu mwingine. Halafu siku ya kura nenda ukapange foleni hata kama wamekuambia mtu wako ameshindwa. Magarini yenu ilishaamuliwa kwa kura 21.

Tuonane makala yajayo. Ukiona hesabu yangu ina kosa, niambie, nitairekebisha na kusema nimeirekebisha.