Saga za Goku Tunazijua, za Mirambo Je?

Wanachuo wenzangu, fanyeni jaribio dogo. Ingia chumba chochote cha hosteli usiku, ukute watu wanne wamebanana kitandani mbele ya laptop moja, halafu uliza nani alimkata Freeza vipande. Hutamaliza swali. Mmoja atamtaja Trunks, wa pili atakueleza Trunks katokea wapi, wa tatu atakurudisha nyuma mpaka sayari ya Namek, na wa nne atawaambia wote mnyamaze, nyie mmeangalia juzi tu. Sasa badilisha swali. Waulize Mirambo aligombana na nani mwaka 1871, na ugomvi ulikuwa wa nini. Kimya. Labda atapatikana mmoja wa Historia atakayesema, "Alikuwa mtemi wa Wanyamwezi, alikuwa na ruga-ruga." Basi, imeisha hiyo. Na hapo tuko Tabora, mji ambao Mirambo aliuchoma moto.

Sisemi haya ili kuwashambulia wapenzi wa anime. Wazee wetu wanaosema katuni za Kijapani zinaharibu akili wana jambo moja la kujibu: mbona akili hiyohiyo "iliyoharibika" inakumbuka episodi mia mbili na ushee kwa mpangilio, bila desa, bila mtu kuogopa sapu? Mimi nasema Dragon Ball imetuzidi walimu wa historia kwa kitu kimoja, na kwa kuwa wengi wetu hapa tunasomea ualimu, kitu hicho tunaweza kukichukua.

Dragon Ball ilianza kuchapwa gazetini huko Japani mwaka 1984, ikiwa kazi ya mchoraji Akira Toriyama, aliyefariki Machi 2024. Ile sehemu tunayoipigania zaidi, Dragon Ball Z, ilioneshwa kwenye televisheni kuanzia 1989 hadi 1996, episodi 291. Hakuna binadamu anayekariri episodi 291. Kinachomsaidia mtazamaji ni kwamba zimepangwa kwa saga: saga ya Wasaiyan, ya Freeza, ya Cell, ya Buu. Kila saga ina ugomvi wake, ina mtu anayepigwa vibaya, ina mazoezi, ina kurudi uwanjani. Na la muhimu zaidi, mwisho wa saga moja ndio unaozaa nyingine. Kama Raditz asingekuja Duniani, Vegeta asingesikia habari za mipira ya joka. Kama Vegeta na Nappa wasingekuja, Piccolo asingekufa. Kama Piccolo asingekufa, mipira ya Duniani isingepotea, na hakuna ambaye angefunga safari kwenda Namek alikokuwa Freeza. Ukitoa tofali moja, ukuta wote unaanguka.

Sasa fungua desa lako la biashara ya masafa marefu. Sababu za kukua kwake, namba moja hadi sita. Athari zake, namba moja hadi saba. Jiulize: nikiichukua namba sita nikaifanya namba moja, kuna kitu kitaharibika? Hakuna. Basi hiyo ni orodha ya kwenda nayo sokoni, historia bado hatujaianza. Ndiyo maana inatoka kichwani siku ileile tunapokabidhi karatasi ya mtihani.

Kuna jambo wengi hatulijui. Jina Son Goku ni namna Wajapani wanavyolisoma jina la Sun Wukong, nyani wa riwaya ya kale ya Kichina iitwayo Safari ya Magharibi, anayemsindikiza mtawa kwenda kuleta vitabu vitakatifu kutoka nchi ya mbali. Toriyama alianzia hapo, kwenye hadithi ya watu wanaotembea kuelekea magharibi na kukutana na majaribu njiani. Ndugu zangu, sisi tunaishi juu ya safari ya magharibi. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikaingia Unyanyembe, yaani Tabora hii, na hapa njia zikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kwenda Katanga. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika hapa Novemba. Hayo ndiyo majaribu ya njiani.

Tuipange basi njia yetu kwa saga, tuone kama itakubali.

Saga ya kwanza ni ya Mnywasele. Huyu alikuwa mtemi wa Unyanyembe aliyetaka bidhaa za wafanyabiashara kutoka pwani zilipiwe ushuru. Jambo la kawaida kabisa, hata leo TRA ingemwelewa. Wafanyabiashara hawakumwelewa. Karibu na mwaka 1860 walimwondoa kwenye kiti wakamweka Mkasiwa. Mnywasele akaingia porini, akapigana kwa miaka hadi alipouawa mwaka 1865. Kwa juu juu ameshindwa. Lakini swali lake limebaki hewani: hii njia inapita kwetu, nani ana haki ya kutoza?

Swali hilo ndilo linalozaa saga ya pili. Mirambo alirithi utemi mdogo wa Uyowa, magharibi ya hapa, sehemu ambayo kwenye ramani ya wakati ule ungeweza kuiziba kwa kidole. Akakusanya vijana, ndio hao ruga-ruga, akachanganya bunduki za biashara na mbinu za kivita za Wangoni, akaunganisha temi jirani moja baada ya nyingine mpaka akaikalia njia ya Ujiji. Kisha akadai hongo. Tabora wakakataa. Agosti 1871 wafanyabiashara na watu wa Mkasiwa wakatoka kumpiga, na pamoja nao alikuwemo mgeni mmoja aliyekuwa na haraka zake, Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Waliteka kijiji cha Wilyankulu, wakabeba nyara, na walipokuwa wanarudi wamejitwika mizigo, Mirambo akawavamia kutoka kwenye majani marefu. Muda mfupi baadaye akaja Tabora kwenyewe, na sehemu ya mji ikateketea.

Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wa Historia watulie. Kwa sababu ya vita hiyo, njia ya moja kwa moja ilifungwa, na Stanley ikabidi azunguke kusini ndipo afike Ujiji, Novemba ile. Wote tunalijua lile tukio la Stanley kumvulia kofia Livingstone. Ni wangapi tunajua kwamba barabara aliyopita kufika pale alichaguliwa na Mirambo? Tumefundishwa episodi ya wageni tukarukishwa episodi ya mwenyeji.

Na kama ilivyo kwa Piccolo na Vegeta, adui wa jana akaja kuwa ndugu. Aprili 1876 Stanley alikutana na Mirambo ana kwa ana, wakachanjiana undugu wa damu. Aliyetarajia kuona jambazi alikutana na mtu mtulivu, mwenye adabu, anayeongea kwa sauti ya chini. Mirambo alifariki Desemba 1884, na wazungu waliomfahamu walikuwa wamekwisha kumlinganisha na Napoleon.

Saga ya tatu ina kitu ambacho mwandishi yeyote wa anime angekitamani. Mkasiwa, yule aliyewekwa na wafanyabiashara, alirithiwa na mwanawe Isike. Ungetegemea nyumba hiyo iendelee kuwa mtumishi wa wageni. Isike akakataa. Wajerumani walipopandisha bendera yao hapa mwaka 1890, yeye ndiye aliyewasumbua mpaka Januari 1893, walipoivunja ngome yake na yeye akalipua ghala la baruti akiwa ndani. Swali la Mnywasele, lile la nani mwenye njia, ndilo lililomfuata Isike mpaka kwenye baruti. Hebu jaribu kuzipanga upya hizi saga, weka Isike mwanzo na Mnywasele mwisho. Huwezi. Ndiyo tofauti ninayoisema.

Najua kuna mwenzangu ameshanyoosha mkono: hadithi za namna hii zitatutengenezea Goku na Freeza, mtu mwema kabisa na mbaya kabisa, na historia haiko hivyo. Ni kweli, na Tabora ni mahali pabaya zaidi pa kucheza mchezo huo, maana wajukuu wa pande zote za vita ile leo wanauziana maembe soko moja. Ruga-ruga wa Mirambo walichoma vijiji vya Wanyamwezi wenzao, na mateka wa vita za enzi ile waliuzwa. Mirambo huyohuyo aliwakaribisha wamishonari wa Kiingereza wakakaa Urambo. Ukitaka kumfananisha, mfananishe na Vegeta, mtu mwenye fahari na damu mikononi, anayebadilika lakini deni lake halifutiki. Na anime yenyewe ilishatufundisha kuwaelewa watu wa aina hiyo. Tunaweza kubishana kuhusu Vegeta saa mbili nzima bila kumfanya malaika wala shetani. Mbona kwa Mirambo tushindwe?

Kasoro ya saga ninayoiogopa ni nyingine. Saga humwangalia mwenye nguvu kuliko wote, na wengine wanabaki kuwa watazamaji. Njia hii haikutembea kwa miguu ya Mirambo wala ya Stanley. Ilitembea kwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu wa kazi ya mshahara walioondoka baada ya mavuno, wakibeba kilo thelathini hivi mabegani kwa miezi kama mitatu kutoka pwani mpaka hapa. Walikuwa na kirangozi wao mbele, walijadiliana ujira, na walipoona wanapunjwa waliweka mizigo chini au wakatoroka. Neno posho, hili tunalolipigia kelele kila mkutano wa wanafunzi, lilikuwa neno la misafara hiyo. Desa linawapa wapagazi mstari mmoja.

Kumbuka lakini saga ya Buu ilivyoisha. Goku na nguvu zake zote hakuweza. Ilibidi watu wa Dunia nzima wainue mikono na kutoa nguvu zao ndipo Genki Dama ikajaa, na aliyewashawishi ni Mr. Satan, mtu asiyeweza hata kuruka angani. Toriyama mwenyewe mwishoni aliwakumbuka watu wa kawaida. Mwalimu wa historia asiwakumbuke?

Tena kuna somo ambalo Dragon Ball haikulifikia, na historia yetu inalo. Kila Goku anapokosekana, marafiki zake wanafanya kazi moja: kumsubiri Goku. Urambo ilikuwa hivyo. Mirambo alipofariki, ndugu yake Mpandashalo alirithi, lakini himaya iliyokuwa imeshikwa na mkono wa mtu mmoja ikaanza kumeguka. Kusini ya hapa, Ukimbu, alikuwepo mtawala mwingine, Nyungu ya Mawe, aliyefariki mwaka uleule wa 1884. Tofauti ni kwamba Nyungu alikuwa ameweka watwale, wasimamizi wake katika kila eneo, wakikusanya pembe na kutunza amri. Alipoondoka, akashika mwanamke, Mgalula, na utawala ukaendelea kusimama mpaka Wajerumani walipofika. Jina la Nyungu halivumi kama la Mirambo, lakini alichokijenga kilimzidi umri. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, mnaoondoka na funguo za ofisi na makabrasha yote mkimaliza muda, natumaini mnasoma hapa.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji bajeti. Muda si mrefu tutapangiwa shule za mazoezi ya kufundisha. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, hivyo kisingizio cha lugha hatuna. Chukua mada moja tu, hii ya misafara, uifundishe kwa saga. Anza na ushuru wa Mnywasele, waache wanafunzi wabashiri nini kitafuata, kisha wapeleke kwa Mirambo. Kila saga ikiisha waulize nani alibeba mzigo, na baada ya shujaa kufa nini kilibaki. Hoja sita za mtihani zitapatikana humohumo, na safari hii zitakuwa na kamba ya kuzifunga pamoja.

Na kabla hujaenda kuwafundisha wengine, fika Kwihara. Pale kwenye tembe alipokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani ni nje kidogo tu ya mji, na nauli yake haifiki bando la kuangalia saga ya Cell.